Uzushi na uhaini: makosa mawili ya imani katika Uingereza ya akina Tudor

Tarehe 30 Julai 1540, siku mbili baada ya Thomas Cromwell, mshauri mkuu wa Mfalme Henry VIII wa ukoo wa Tudor, kukatwa kichwa, watu sita waliburutwa hadi uwanja wa Smithfield jijini London. Robert Barnes, Thomas Garret na William Jerome walikuwa wahubiri wa mafundisho ya Kiprotestanti. Hao walichomwa moto. Thomas Abel, Edward Powell na Richard Fetherston walikuwa mapadri waliobaki watiifu kwa Papa. Hao walinyongwa, wakapasuliwa na kukatwa vipande vinne. Wote sita walihukumiwa kwa sheria maalumu ya Bunge, bila kesi kusikilizwa.

Ukiuliza kama Henry alikuwa Mprotestanti au Mkatoliki, hutaielewa siku hiyo. Uliza watu hao walishtakiwa kwa kosa gani. Wa kwanza walikufa kwa uzushi, wa pili kwa uhaini. Makosa hayo yalikuwa na mahakimu tofauti, adhabu tofauti na njia tofauti za kujinasua, na wengi wanaosoma habari za mateso ya zama hizo huyachanganya.

Uzushi ni kushikilia kwa ukaidi, baada ya kuonywa na kufundishwa, jambo ambalo Kanisa limelikataa. Ukaidi ndio kiini chake. Aliyekosea kwa kutojua, akasahihishwa na kutii, hakuhesabiwa mzushi. Kosa hili lilikuwa la kiroho, na hakimu wake alikuwa askofu. Uhaini ni kosa dhidi ya mfalme, na mtu alishtakiwa katika mahakama za serikali. Mwaka 1534 Bunge lilimtangaza Henry kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, kisha likapitisha sheria iliyofanya hata maneno matupu ya kumnyima cheo chake kuwa uhaini. Mwaka uliofuata Askofu John Fisher na Thomas More walikatwa vichwa kwa sababu hiyo. Hakuna aliyewaita wazushi. Henry mwenyewe aliamini karibu yote waliyoyaamini, isipokuwa mamlaka ya Papa.

Kesi ya uzushi ilikuwa na mwendo wake, uliotokana na sheria ya 1401 iliyotungwa dhidi ya wafuasi wa John Wycliffe, mwanazuoni aliyepinga mafundisho ya Kanisa. Mtu alitajwa na jirani, paroko au afisa wa serikali, akapelekwa kwa askofu. Askofu aliandika orodha ya maswali na kumtaka ajibu moja baada ya jingine, majibu yakiandikwa. Akikubali kosa, alikula kiapo cha kuyakana mafundisho yake na kupewa kitubio cha hadharani. Mara nyingi kitubio kilikuwa kusimama kanisani amebeba tita la kuni begani, ili yeye na waliomwona wajue alichoepuka. Akirudia kosa baada ya kiapo hicho, hakuwa na nafasi ya pili. Akikataa kukana tangu mwanzo, askofu alimtamka kuwa mzushi, na kama alikuwa padri, alivuliwa kwanza daraja lake takatifu. Kanisa halikuua kwa mkono wake: lilimkabidhi mtu kwa serikali, hati ya kuchoma ikatolewa, na sherifu ndiye aliyetafuta nguzo, mnyororo na kuni.

Hapo mambo yaliharibika mara kwa mara, na aliyelipia uharibifu huo alikuwa mfungwa. Chini ya Malkia Mary I, binti Mkatoliki wa Henry, askofu Mprotestanti John Hooper alichomwa Gloucester tarehe 9 Februari 1555 kwa kuni mbichi, upepo ukipeperusha ndimi za moto mbali naye. Rafiki za wafungwa waliruhusiwa wakati mwingine kuwafungia vifuko vya baruti ili kifo kije haraka. Vya Hooper vililipuka bila kumsaidia, na inasimuliwa kwamba alikaa motoni kama dakika 45. Nicholas Ridley, askofu mwingine Mprotestanti, huko Oxford Oktoba mwaka huohuo, alirundikiwa kuni nyingi mno, zikaubana moto chini. Miguu yake iliungua kabla moto haujapanda, wakati Hugh Latimer kwenye nguzo ileile alikuwa ameshakufa.

Katika orodha ya maswali, moja lilipima kuliko yote: baada ya padri kutamka maneno ya misa, mkate juu ya altare ni nini? Fundisho la Kanisa lilikuwa kwamba mkate na divai hugeuka kweli kuwa mwili na damu ya Kristo, hata kama sura na ladha hazibadiliki. Waprotestanti walitofautiana wenyewe kwa wenyewe katika jibu, ila wengi walikataa mageuzo hayo. Kwao lilikuwa suala la uaminifu kwa Maandiko, wala si ubishi wa maneno, na ndiyo maana wafumaji na watumishi wasio na elimu ya chuo walikufa kwa ajili yake. Sheria ya Vifungu Sita ya 1539 ilifanya swali hili kuwa la hatari zaidi. Aliyekana mageuzo alichomwa, na nafasi ya kawaida ya kukana mafundisho yake na kupona ikafutwa.

Fitina za ikulu ziliingia hapa. Mashtaka ya uzushi yalikuwa njia rahisi ya kumfikia mkubwa kwa kupitia mdogo. Mwaka 1546 Henry alikuwa mgonjwa, mrithi wake alikuwa mtoto, na makundi mawili yaligombea nani atakuwa karibu na kiti cha enzi. Anne Askew, mwanamke wa ukoo wa heshima kutoka Lincolnshire, alikuwa tayari amehukumiwa kuwa mzushi alipopelekwa katika Mnara wa London na kulazwa kwenye kitanda cha kuvuta viungo. Jambo hilo halikuwa la kawaida hata kidogo, kwa sababu mtu aliyekwisha kuhukumiwa hakuwa na la kuthibitishiwa. Walitaka majina. Aliulizwa habari za mabibi waliomzunguka Malkia Katherine Parr, wakiwamo mke wa Mtawala wa Suffolk na mke wa Edward Seymour, mjomba wa mrithi. Mlinzi wa Mnara alipokataa kuendelea, Thomas Wriothesley na Richard Rich, wakubwa wa serikali, walizungusha gurudumu kwa mikono yao wenyewe. Hakumtaja yeyote. Tarehe 16 Julai alibebwa Smithfield juu ya kiti kwa kuwa hakuweza kutembea, akachomwa pamoja na wanaume watatu. John Foxe, Mprotestanti aliyekusanya habari za wafiadini, anasimulia kwamba malkia mwenyewe alikaribia kukamatwa, akajiokoa kwa kumnyenyekea mfalme. Kisa hicho kinamtegemea Foxe peke yake, kwa hiyo kisomwe kwa tahadhari.

Henry alikufa Januari 1547, na serikali ya mwanawe Edward VI ikafuta sheria za uzushi. Hata hivyo Waprotestanti waliotawala walimchoma Joan Bocher mwaka 1550, kwa kukana kwamba Kristo alitwaa mwili kutoka kwa Maria. Kila upande ulikuwa na mzushi wake.

Mary I alipotwaa kiti Julai 1553, hakuweza kumchoma mtu kwa sababu sheria haikuwapo. Mswada wa kuirudisha ulikwama Bungeni mapema mwaka 1554. Mabwana waliojipatia ardhi za monasteri zilizofungwa na Henry waliogopa kwamba Kanisa likirudishiwa mahakama zake litadai na mashamba. Kardinali Reginald Pole alipoleta ridhaa ya Papa kwamba ardhi ibaki kwa walionayo, mambo yakalainika. Sheria ilianza kazi Januari 1555, na tarehe 4 Februari John Rogers akawa wa kwanza. Hadi Novemba 1558 walichomwa zaidi ya watu 280, wanawake wakiwa zaidi ya 50. Wengi walikuwa mafundi na watu wa kawaida wa London, Kent, Essex na Sussex. Wenye uwezo, takriban 800, walikuwa wamekimbilia miji kama Geneva, Frankfurt na Zurich.

Kesi ya Askofu Mkuu Thomas Cranmer, ambaye sala zake zingali chimbuko la ibada za Waanglikana hadi leo, inaonyesha makosa haya mawili yakikutana. Novemba 1553 alihukumiwa kifo kwa uhaini, kwa kumuunga mkono Jane Grey, aliyetangazwa malkia badala ya Mary. Angeweza kuuawa mara moja. Lakini Mary alimtaka afe kama mzushi, na si vigumu kuona chuki ya zamani: Cranmer ndiye aliyeibatilisha ndoa ya mama wa Mary na Henry mwaka 1533. Akiwa gerezani, Cranmer alitia sahihi hati kadhaa za kuyakana mafundisho yake. Kwa desturi hilo lingemponya, kwani hakuwahi kukana kabla na kurudia. Aliamriwa kuchomwa vilevile. Tarehe 21 Machi 1556, mbele ya watu Oxford, alizikataa hati zake zote na kutanguliza motoni mkono uliozitia sahihi. Kwa kumnyima msamaha aliostahili kwa sheria yao wenyewe, watesi wake waliwapa Waprotestanti mfiadini mkubwa kuliko wote.

Elizabeth I, dada Mprotestanti wa Mary aliyemrithi, alifuta tena sheria za uzushi mwaka 1559. Kutoka hapo serikali ilipendelea faini na mashtaka ya uhaini. Kukosa ibada ya Jumapili kulitozwa peni 12, na kuanzia 1581 pauni 20 kwa mwezi, kiasi cha kufilisi familia. Baada ya Papa kumtenga Elizabeth na Kanisa mwaka 1570, mapadri Wakatoliki walihesabiwa majasusi. Padri Edmund Campion aliuawa kama mhaini mwaka 1581, na sheria ya 1585 ikafanya kuwa uhaini kwa padri aliyepewa daraja ng'ambo kukanyaga nchi tu. Waprotestanti waliojitenga na kanisa la serikali nao hawakusalimika: Henry Barrow na John Greenwood walinyongwa mwaka 1593 kwa kuandika vitabu vya uchochezi. Moto wenyewe haukuzimika kabisa. Wa mwisho kuchomwa Uingereza kwa uzushi, Bartholomew Legate na Edward Wightman, walikufa mwaka 1612 chini ya James I, mfalme aliyemrithi Elizabeth, na adhabu hiyo ilifutwa kisheria mwaka 1677.