CC hupima nafasi, haipimi nguvu

"Nguvu ya injini: cc 150." Matangazo ya pikipiki yameandikwa hivyo, madalali wa magari wanasema hivyo, na wanunuzi nao wanaitikia. Mtu akiuliza gari lina nguvu kiasi gani, anatajiwa cc, na mazungumzo yanaishia hapo kana kwamba swali limejibiwa. Halijajibiwa. Kuna watu wamenunua gari lisilowafaa kwa kuamini namba hiyo peke yake, na wengine wameliacha gari zuri kwa sababu hiyohiyo.

CC ni sentimita za ujazo. Kwenye injini, ni jumla ya nafasi ambayo pistoni zote huipita zikitoka chini kabisa hadi juu kabisa, mara moja. Nafasi ndogo inayobaki juu ya pistoni, pale mafuta yanapowakia, haihesabiwi. Cc 1000 ni lita moja, ndiyo maana gari la cc 1500 huitwa pia gari la lita 1.5.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe kwenye karatasi. Chukua Bajaj Boxer BM 150, inayobeba abiria na magunia kila kona ya Afrika Mashariki. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56, na mwendo wa pistoni ni milimita 58.8. Tafuta eneo la duara la kipenyo hicho, zidisha kwa mwendo wa pistoni, unapata cc 144.8. Hiyo "150" ya ubavuni ni namba iliyokuzwa ili itamkike. Na fundi akichonga silinda akaweka pistoni ya ovasaizi yenye kipenyo cha milimita 56.5, injini ileile inakuwa na cc 147.4. Katika hesabu yote hiyo hakuna mahali tulipogusa mafuta, joto wala mwendo. Tumepima shimo tu.

Cc hii ndiyo ileile ya sirinji ya hospitali. Sirinji ya cc 5 nayo ni silinda yenye pistoni ndani, na namba yake inakueleza kitakachoingia ukiivuta mara moja. Haikuelezi umeivuta mara ngapi kwa dakika, wala dawa iliyomo ni kali kiasi gani. Nguvu ya injini imo kwenye hayo mawili ambayo cc haiyataji: inavuta hewa mara ngapi kwa dakika, na inaichoma vizuri kiasi gani kila inapoivuta.

Nadhani sehemu ya mkanganyiko tumeitengeneza wenyewe tulipoanza kusema "uwezo wa injini". Basi likiwa na "uwezo wa kubeba abiria 60" tunaelewa kinachosemwa, na tangi lenye "uwezo wa kuhifadhi lita 1000" halisumbui mtu. Uwezo huo ni wa nafasi. Kwenye injini neno la katikati likaanguka, ukabaki "uwezo" mtupu, na uwezo mtupu kwa Kiswahili ni nguvu. Aliyesoma "uwezo wa injini: 1500" akaelewa kuwa injini inaweza mambo 1500 ya aina fulani hana lawama. "Ujazo wa injini" ndilo jina linalosema jambo lenyewe bila kupotosha.

Sababu nyingine ni ya kodi, na hii ina historia ndefu. Serikali zimekuwa zikitaka kuyapanga magari kwa daraja tangu mwanzo wa karne iliyopita, na nguvu halisi ya injini ni kitu kigumu kupima forodhani. Unahitaji mashine maalumu na muda. Shimo la silinda unalipima kwa rula. Uingereza ilitumia kwa miaka mingi kanuni iliyochukua kipenyo cha silinda kwa inchi, ikakizidisha kwa chenyewe, kisha kwa idadi ya silinda, halafu ikagawanya kwa 2.5. Jibu lililopatikana likaitwa nguvu farasi, japo lilikuwa halijagusa nguvu popote. Austin Seven ya mwaka 1922 ilipata jina lake kwenye hesabu hiyo. Waundaji wa magari wa huko wakawa wanatengeneza injini zenye silinda nyembamba na pistoni yenye mwendo mrefu, kwa sababu kanuni haikuuliza urefu. Ufaransa nayo ilikuwa na farasi wake wa kodi. Citroën 2CV iliyoonyeshwa mwaka 1948, ambayo jina lake ni farasi wawili, ilikuwa na cc 375 na ilitoa nguvu farasi 9.

Farasi halisi ni mwingine kabisa. James Watt ndiye aliyemweka kwenye hesabu katika miaka ya 1780, alipokuwa akiuza injini za mvuke kwa watu waliozoea farasi kwenye vinu na viwanda vyao na waliotaka kujua mashine moja itachukua nafasi ya farasi wangapi. Akaamua farasi mmoja ni kazi ya kuinua pauni 33,000 kwa futi moja kila dakika. Angalieni hilo la dakika. Tangu mwanzo kabisa nguvu ilikuwa kazi iliyopimwa pamoja na muda wake. Farasi wa Watt ni wati 746 hivi. Farasi wa kimetriki anayetumiwa na Wajapani kwenye karatasi zao za magari ni wati 735.5. Hapa ninatumia huyo wa kimetriki.

Japani, ambako magari mengi ya kwetu yametoka, kodi ya gari ya kila mwaka ilipangwa kwa ujazo: hadi lita 1, hadi 1.5, hadi 2, na kuendelea. Ndiyo maana utaona cc 996, 1497, 1998, na ni nadra kuona 1503. Injini imeinama kidogo ipite chini ya mstari wa kodi. Kirikuu zinazobeba mizigo Dar es Salaam zina cc 657 au 658 kwa sababu sheria ya Kijapani ya magari madogo iliweka kikomo cha cc 660 mwaka 1990. Tanzania na Kenya nazo zimetumia cc kupanga ushuru wa magari kwa muda mrefu. Kwa hiyo namba ambayo mwenye gari anaijua kuliko zote ni ile aliyotozwa kodi kwayo, na akaichukua kuwa ndicho kipimo cha gari lake.

Tuje kwenye injini zenyewe. Injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE imo kwenye IST, Probox, Fielder na ndugu zake wengi. Silinda nne, kipenyo milimita 75, mwendo wa pistoni milimita 84.7, jumla cc 1497. Inatoa nguvu farasi 109 hivi. Prius ya kizazi cha pili, gari la mseto wa petroli na umeme lililotoka mwaka 2003, ina injini iitwayo 1NZ-FXE: kipenyo kilekile, mwendo uleule, cc 1497 zilezile. Nguvu yake ni farasi 77. Zaidi ya farasi 30 hawapo, na ujazo haujapungua hata cc moja! Kilichobadilika zaidi ni valvu ya kuingizia hewa, ambayo kwenye Prius huchelewa kufunga makusudi, hivyo pistoni ikianza kupanda sehemu ya hewa iliyoingia inarudishwa ilikotoka. Injini inachoma kidogo na inabana mafuta, na mota ya umeme inafidia pengo. Mtu akikwambia gari za cc 1500 zina nguvu sawa na zinakula mafuta sawa, mweleze habari za ndugu hawa wawili.

Subaru Forester inaonyesha upande wa pili. Injini yake ya cc 1994 isiyo na turbo hutoa farasi 140 hivi, na yenye turbo imetolewa ikiwa na farasi 220 na kuzidi. Turbo haiongezi nafasi. Inashindilia hewa zaidi kwenye nafasi ileile. Kwenye kadi ya gari yote mawili yanasomeka 1994.

Halafu kuna Land Cruiser hadtopu, zile za mkonga, yaani bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi juu, zenye injini ya dizeli ya 1HZ. Silinda sita, cc 4164. Nguvu yake ni farasi 130 hivi, yaani inaizidi IST kwa farasi 20 tu ilhali ujazo wake unakaribia kuwa mara tatu. Haina turbo, haizunguki kwa kasi, na dizeli ya namna hiyo haiwezi kuchoma hewa yote inayoivuta. Ukiilazimisha kwa kuiongezea mafuta inatoa moshi mweusi. Hata hivyo hakuna mtu mwenye akili atakayekwambia IST inakaribiana na mkonga kwenye tope na mzigo.

Hapo ndipo linaingia neno ambalo wengi wanalitafuta wanapotamka cc, nalo ni torki, nguvu ya kuzungusha. Torki ni msukumo wenyewe kwenye shafti ya injini. Nguvu farasi ni msukumo huo pamoja na kasi ya kuzunguka. Torki hupimwa kwa nyutonimita: izidishe kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 7024, unapata farasi. Injini ya 1HZ inafikia torki yake ya juu, nyutonimita 285, ikiwa kwenye mizunguko 2200 tu. Hapo inatoa farasi 89. IST kwenye mizunguko hiyohiyo, hata tukiikopesha torki yake yote ya 141 ambayo kwa kweli huipata kwenye 4200, ingetoa farasi 44. Dereva wa mkonga ana farasi 89 hao mshale wa mizunguko ukiwa haujafika hata nusu ya safari yake. Wa IST anawapata akiinyanyasa injini mpaka ilie.

Kwa haki, wanaoitaja cc wana chembe ya ukweli. Kwa injini za petroli zisizo na turbo, torki huufuata ujazo kwa karibu: kila cc 100 hutoa nyutonimita 8 hadi 10, iwe pikipiki au gari. Kwa hiyo mwendesha boda aliyehama kutoka cc 100 kwenda cc 150 za kampuni ileile akahisi mlima umelainika hajidanganyi. Anajidanganya akilinganisha injini za namna tofauti. Yamaha R15 ya cc 155 imeizidi Boxer kwa cc 10 tu, na mwendo wa pistoni unatofautiana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Boxer inatoa farasi 12 kwenye mizunguko 7500. R15 ina valvu nne kwa silinda moja, inapozwa kwa maji, na inatoa farasi wapatao 19 kwenye mizunguko 10,000. Usiipakie magunia mawili ya mkaa kwa sababu hiyo. Farasi wake wako juu sana kwenye mshale, na gia zake zimepangwa kwa ajili ya kukimbia.

Sasa zimekuja pikipiki za umeme, Nairobi, Kigali na kwingineko, na swali la kwanza kijiweni ni lilelile: hii ni cc ngapi? Haina hata moja. Hakuna silinda, hakuna pistoni, hakuna nafasi ya kupima. Nguvu yake huandikwa kwa kilowati, na kilowati moja ni farasi 1.36, na torki yake ipo kamili tangu gurudumu likiwa limesimama. Wauzaji wengine, kwa kumhurumia mteja, wanamjibu "sawa na cc 125". Afadhali wamtajie kilowati na nyutonimita, azizoee.

Ukienda kununua, cc iulize, maana kodi na bima zitaiuliza. Kisha uliza farasi wangapi na kwenye mizunguko mingapi, na torki kiasi gani na kwenye mizunguko mingapi. Zimo kwenye kitabu cha gari, na kwa magari ya Kijapani ni rahisi kuzipata ukishajua jina la injini. Na rafiki yako akisema Boxer yake ina nguvu ya cc 150, mrekebishe taratibu: ina ujazo wa cc 145 hivi, nguvu yake ni farasi 12.