Viambato amilifu vya baharini si jina jingine la dawa

Tangu unga na jeli ya mwani vienee katika maduka ya bidhaa za asili mjini Kisumu, maneno "viambato amilifu vya baharini" yamekuwa namna ya kusema "dawa" bila kulitamka neno lenyewe. Muuzaji huyatangaza kwa kipaza sauti karibu na soko la Kibuye, mteja huyapeleka nyumbani Nyalenda au Mamboleo, na yanapomfikia mgonjwa yamekwisha kuwa ahadi ya kuponya shinikizo la damu, kisukari na saratani kwa mkupuo mmoja. Ahadi hiyo haimo katika maneno hayo.

Kiambato amilifu ni kemikali inayotokana na kiumbe hai, ambayo ikifika kwenye seli za kiumbe mwingine hubadilisha jambo fulani katika utendaji wake. Kikitoka kwa sifongo (mnyama sahili aishiye amejishikiza chini baharini), konokono, mwani, samaki au bakteria wa baharini, huitwa cha baharini. Maana ni hiyo tu, na ndani yake hamna neno lolote kuhusu kuponya. Wavuvi wa Pwani wanamjua samaki bunju, ambaye maini na viungo vyake vingine huwa na sumu inayoziba njia za sodiamu katika neva, mpaka misuli ya kupumulia ikalegea na mtu akafa; kupika hakuiondoi sumu hiyo, wala haina dawa ya kuitangua. Hicho nacho ni kiambato amilifu cha baharini, tena chenye nguvu kuliko vingi vinavyosifiwa. Anayeniambia kwamba bidhaa yake ina viambato amilifu ameniambia kwamba huenda ikafanya jambo mwilini mwangu, lakini hajaniambia ni jambo gani, kwa kiasi gani, wala kama nitalipenda.

Tofauti inayopuuzwa zaidi, na ambayo ndiyo iliyonifanya niandike, ni ile iliyopo kati ya kiumbe, kemikali iliyomo ndani ya kiumbe, na dawa iliyotengenezwa kwa kuifuata kemikali hiyo. Watu huvipanga vitu hivi vitatu kana kwamba ni kimoja, ilhali kutoka kimoja hadi kingine mara nyingi ni kazi ya miaka mingi, na si ajabu kukuta kwamba dawa iliyopatikana mwishoni haimo kabisa ndani ya kiumbe aliyeanzisha safari.

Sitarabini ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Werner Bergmann alichunguza sifongo aliyekusanywa katika maji ya Florida, akakuta ndani yake kemikali mbili zinazofanana na vijenzi vya kawaida vya chembe za urithi, isipokuwa sukari iliyoshikamana navyo ilikuwa arabinosi, sukari ambayo haikutarajiwa mahali hapo. Ugunduzi huo uliwafungua macho wanakemia wengine: ikiwa seli inaweza kupewa kijenzi chenye sukari isiyo yake, labda itakipokea, ikitumie katika kunakili chembe za urithi, kisha ikwame. Waliunda maabarani kijenzi cha namna hiyo ambacho Bergmann hakukikuta kwa sifongo wake, nacho ndicho sitarabini. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1969, na hadi leo ni miongoni mwa nguzo za tiba ya lukemia kali, yaani saratani ya damu. Inazidhuru zaidi seli zinazogawanyika kwa kasi, na kwa sababu uboho wa mifupa nao una seli za namna hiyo, mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara wakati wa matibabu. Kwa hiyo kusema kwamba sifongo anatibu lukemia ni kukosea. Sifongo alitoa wazo, na dawa ikaundwa na binadamu.

Hata pale kemikali yenyewe inapokuwa ndani ya kiumbe, kiasi chake huwa kidogo mno. Watafiti wa Kijapani walioitenga halikondrini B kutoka kwa sifongo aitwaye Halichondria okadai, katika miaka ya 1980, walitumia kilo 600 za sifongo wakaambulia miligramu 12.5. Piga hesabu ya kijiko kimoja cha chai, tuseme gramu 5 za sifongo huyo: utapata takriban sehemu moja ya kumi ya maikrogramu. Bahari isingeweza kuwalisha wagonjwa kwa mpango huo, na sifongo wote wangekwisha kabla ya hospitali moja kushiba. Ndiyo maana wanakemia walijifunza kuiunda halikondrini maabara, kisha wakabakiza sehemu ya molekuli inayofanya kazi, na ikazaliwa eribulini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa.

Njia ya kuingizia dawa mwilini nayo ina uzito wake. Konokono wa baharini aitwaye Conus magus huwinda samaki kwa kuwachoma sindano ya sumu. Katika sumu hiyo mna peptidi, yaani kipande kidogo cha protini, ya asidi amino 25, ambayo Baldomero Olivera, mwanasayansi wa Kifilipino, na wenzake waliitambua, na nakala yake iliyoundwa maabara ndiyo zikonotidi, iliyoidhinishwa mwaka 2004 kwa maumivu makali ya kudumu. Haimezwi wala haipakwi. Hutiririshwa na pampu ndogo moja kwa moja kwenye majimaji ya uti wa mgongo, kwa dozi za maikrogramu, kwa sababu tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama, na ikizidi kidogo humvuruga mgonjwa akili. Mtu akikusimulia habari za konokono huyu ili akuuzie kidonge, muulize kidonge hicho kitafikaje kwenye uti wa mgongo.

Sisemi kwamba bahari iko mbali nasi. Wengi waliolazwa katika hospitali za Kisumu, Kakamega au Nakuru wamewahi kuchomwa sindano ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, na ukoo wa dawa hiyo, yaani sefalosporini, ulianzia Cagliari, kisiwani Sardinia, mwaka 1945, wakati Giuseppe Brotzu alipoipata aina ya fangasi katika maji ya bahari karibu na mahali majitaka yalipomwagikia. Wapo wanaokataa kuihesabu kuwa ya baharini, kwa sababu fangasi hiyo huenda ilifuata majitaka kutoka nchi kavu, na naona wana hoja. Vyovyote iwavyo, hakuna daktari anayemnywesha mgonjwa wa nimonia maji ya bahari.

Mafuta ya samaki ndiyo yanayowachanganya watu zaidi, kwa kuwa hapo kitu kilekile huweza kuwa chakula au dawa. Omega-3 iliyosafishwa, ikitolewa kwa maagizo ya daktari kwa gramu 4 kwa siku, ni tiba inayotambulika ya trigliseridi, aina ya mafuta, zilizopanda sana katika damu. Vidonge vya dukani huwa na kiasi kidogo zaidi, na ni nyongeza ya chakula. Omena naye ana mafuta mazuri na ni kitoweo cha kusifiwa, ila ni samaki wa ziwa, na anafaa kusifiwa hivyo.

Narudi kwa mwani. Kopo moja nililolishika dukani limeandikwa kwamba lina "madini 92 na viambato amilifu", kijiko kimoja asubuhi na kingine jioni. Hakuna kiambato hata kimoja kilichotajwa kwa jina, wala kiasi chake, na orodha ya elementi 92 za asili ingelazimika kujumlisha risasi, zebaki na aseniki, ambazo hakuna mzazi angetaka kumpa mtoto. Dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, inayodhibiti dawa nchini Kenya, hutaja kemikali yake, uzito wake kwa miligramu, ugonjwa inaoutibu na madhara yake.

Muuzaji wa mwani hahitaji kufunga duka. Anaweza kusema kwamba anauza mboga ya baharini iliyokaushwa, yenye nyuzinyuzi na iodini, ambayo hufanya uji uwe mzito, na kwamba mwenye matatizo ya tezi dundumio, ile ya shingoni, au mama mjamzito, amwone daktari kabla ya kuila kila siku, maana iodini ikizidi huivuruga tezi hiyo. Na akitaka kuendelea kutumia maneno "viambato amilifu", ayafuatishe kwa jina la kiambato na kiasi chake.