Je, wajua kwa nini neno la profesa halina uzito zaidi kwenye Wikipedia?

Mhadhiri aliyechunguza volkano miaka yote ya kazi yake na mpagazi wa Marangu wakifungua makala ya Mlima Kilimanjaro kwenye Wikipedia, wote wawili wana ruhusa ile ile ya kubonyeza "Hariri". Hakuna anayeulizwa cheti. Wengi huuona huo kuwa uzembe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Njia ya wataalamu peke yao ilishajaribiwa. Machi 2000 Jimmy Wales, akiwa na Larry Sanger kama mhariri mkuu, alianzisha ensaiklopidia ya intaneti iliyoitwa Nupedia. Waandishi walitarajiwa kuwa mabingwa wa fani zao, na kila makala ilipitia hatua saba za ukaguzi. Kazi ilikuwa nzuri, ila mwaka ulikwisha makala zilizokamilika hazijafika hata 30. Tarehe 15 Januari 2001 wakafungua Wikipedia pembeni yake, mlango wazi kwa yeyote. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa na makala takriban 20,000. Nupedia ikafungwa 2003.

Sasa mbona haikugeuka jalala? Kwa sababu huko mtu haulizwi "wewe ni nani?" Anaulizwa "umeitoa wapi?"

Chukua urefu wa Kilimanjaro. Mwongoza watalii ataandika mita 5,895, maana ndiyo namba iliyo kwenye kibao cha kilele cha Uhuru, na inatokana na upimaji wa 1952. Mpima ardhi ataibadilisha, kwani vipimo vya GPS vya 1999 na 2008 vilipata karibu 5,892. Kila badiliko linabaki kwenye ukurasa wa historia, pamoja na saa na jina la akaunti, na la zamani linaweza kurudishwa mara moja. Wakivutana, wanahamia ukurasa wa majadiliano, na kila mmoja anaweka chanzo chake mezani. Mwishowe makala inaweza kubeba namba zote mbili, kila moja na asili yake. Hapo mtaalamu hajadharauliwa hata kidogo: yeye ndiye anayejua kipimo kipi kilifanywaje. Lakini yule mpagazi wa Marangu naye anajua njia, vituo na majina ambayo mpima ardhi hakuyafikiria.

Makosa yapo. Mwaka 2005 jarida la kisayansi la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi na kupata makosa kama manne kwa kila makala ya Wikipedia, na kama matatu kwa Britannica, ensaiklopidia ya siku nyingi inayoandikwa na wataalamu. Britannica walipinga vikali utafiti huo. Hata hivyo, pengo lilikuwa dogo kuliko wengi walivyodhani.

Kinachonisumbua ni kanuni hiyo hiyo ya chanzo inapofika kwetu. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, na hadi leo makala nyingi za kata na vijiji vya Mkoa wa Kilimanjaro ni mistari michache tu, chini yake pameandikwa kwamba makala "bado ni mbegu". Mzee wa Kibosho au Machame anajua mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba) wa ukoo wake ulichimbwa na nani, maji yanagawanywa kwa zamu gani, na nani huitwa kuzibua ukiziba. Akiandika hayo moja kwa moja yanaweza kufutwa, maana hayajachapishwa popote. Si haki, lakini kanuni ikilegezwa kwa ajili yake italegezwa pia kwa mwongo.

Hapa ndipo msomi anapohitajika hasa. Mtafiti wa chuo, Moshi au Arusha, anaweza kumrekodi mzee huyo, akalinganisha maelezo yake na ya majirani, kisha akayachapisha kwenye jarida lililo wazi kwa wote. Tangu siku hiyo mjukuu wa mzee, akiwa na simu yake tu, anaweza kuandika makala ya mfongo wao na kuweka chanzo ambacho ni vigumu kukikataa. Picha ya mfongo wenyewe haina haja ya kumsubiri msomi. Mjukuu anaweza kuipiga na kuipakia leo.