Kibanda cha njiani, Thule

Nikifundisha historia ya majeshi, wanafunzi hungoja habari za ndege. Mimi huanza na kibanda.

Vibanda hivyo vilipangwa kando ya barabara ya Thule, kambi ya jeshi la Marekani kaskazini-magharibi mwa Greenland, kilomita 1,500 hivi kutoka Ncha ya Kaskazini. Kambi ilijengwa kwa siri mwaka 1951. Tangu 2023 inaitwa Pituffik. Miaka ya Vita Baridi kijana wa miaka ishirini na ushee alipelekwa huko mwaka mzima bila familia, na adui aliyemkuta ni upepo. Rada ya kutambua makombora iko mbali na mabweni, mwendo wa kilomita 20 hivi, na dhoruba ilikuwa ikimkuta mtu katikati ya safari. Hapo ndipo alipokimbilia kibandani akasubiri ipite. Tarehe 8 Machi 1972, kipima upepo cha kimojawapo kilisoma kilomita 333 kwa saa.

Siku hizi dhoruba hutangazwa kwa ngazi: Alpha, Bravo, Charlie, Delta. Ikifika Delta, ulipo ndipo ulipo. Uliyekuwa ofisini utalala ofisini, na aliyekuwa bwaloni ana bahati, maana walau chakula kipo.

Watu hudhani giza ndilo linalochosha, kwa kuwa jua halichomozi tangu Novemba hadi Februari. Kwa maoni yangu kiangazi nacho si haba: jua haliendi popote, unatoka zamu saa sita usiku kweupe pe, unavuta pazia zito na kuudanganya mwili kwamba ni usiku.

Hata nyumba zina adabu yake huko. Zimeinuliwa juu ya ardhi, kwani joto la nyumba lingeyeyusha udongo ulioganda chini na jengo zima likazama upande. Mabomba ya maji nayo hupita juu kwa sababu hiyohiyo. Shehena kubwa huja kwa meli katika miezi michache ya kiangazi ambapo bandari haina barafu. Miezi mingine ni ndege tu, nayo hewa ikichafuka haitui, na barua hukaa zinakokaa.

Jambo moja wanafunzi huwa hawalitarajii: pale palikuwa na wenyewe. Mwaka 1953 wawindaji wa Kiinughuit na familia zao walihamishwa hadi Qaanaaq, zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Wao dhoruba hizo walikuwa wakizijua bila ngazi wala kibanda.