Miti ya Kilimanjaro haikosi pumzi, na Humboldt hakusema hivyo

Nimesikia tena. Safari hii msemaji alikuwa kijana mwenye leseni, Kiingereza chake kizuri, Kijerumani chake cha kutosha. Alikuwa amesimama juu kidogo ya kituo cha Mandara, pale msitu unapokatika na erika, mimea ya mlimani ya vichaka au miti midogo, zinapoanza. Wageni wakamuuliza mbona miti imekwisha. Akajibu bila kusita: huku juu oksijeni haitoshi, miti inashindwa kupumua. Akaongeza kwamba aliyeligundua jambo hilo ni Alexander von Humboldt, yule mwanasayansi na msafiri wa Kijerumani. Mgeni mmoja akaliandika kwenye daftari lake, na sasa limeshavuka bahari.

Ninafundisha mimea kwa waongozaji wa mlima hapa Moshi. Suala la oksijeni nimelisahihisha darasani, njiani na kwenye simu. Leo naliandika, hasa kwa sababu ya huyo Humboldt. Kumsingizia yeye kosa hili kunaniudhi kuliko kosa lenyewe.

La oksijeni nalimaliza haraka. Hewa ya kilele cha Uhuru ina asilimia 21 ya oksijeni, sawasawa na hewa ya Tanga. Kinachopungua ni kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa: kwenye mita 5,895 imebaki kama nusu ya ile ya pwani, ndiyo maana mgeni wako anahema. Mti hauhemi namna hiyo. Jani linatengeneza oksijeni lenyewe mchana, na usiku wa baridi linatumia kidogo sana. Halafu, kama oksijeni ndiyo ingekuwa mpaka, miti ingekoma kwenye mita zilezile dunia nzima. Kwenye Alps inakoma kwenye mita elfu mbili na kitu. Kaskazini kabisa mwa Norway inakoma karibu na usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nzito kama ya Dar es Salaam. Bolivia, kwenye mlima Sajama, miti midogo ya jamii ya Polylepis inaota juu ya mita 5,000. Mwenye hoja ya oksijeni anieleze hiyo ya Norway kwanza, ndipo tuendelee.

Sasa Humboldt. Alizaliwa Berlin tarehe 14 Septemba 1769, akafiwa na baba akiwa mtoto wa miaka 9, na mama yake alitaka awe mtumishi wa serikali. Akasomea madini huko Freiberg, akawa mkaguzi wa migodi ya Prussia. Wengi wanaosimulia habari zake huruka hapo na kukimbilia Amerika ya Kusini. Mimi naona bila ile migodi humwelewi mtu huyu. Chini ya ardhi hewa mbaya ilikuwa ikizima taa na kuwaua wachimbaji. Humboldt akabuni taa ya kuwaka kwenye hewa hafifu na kifaa cha kupumulia, akawaanzishia wachimbaji shule kwa fedha zake. Humo humo gizani alikusanya kuvu na mimea midogo iliyoota mahali ambapo jua halifiki, akaichapishia kitabu mwaka 1793. Kwa hiyo kabla hajaiona milima ya Andes, tayari alikuwa amejifunza kwamba hewa inayomwangusha mtu si lazima iuue mmea.

Mama alifariki mwaka 1796, urithi ukageuka nauli. Mwaka 1799 alipanda meli Hispania pamoja na Aimé Bonpland, daktari wa Kifaransa aliyejua mimea vizuri mno. Walirudi Ulaya mwaka 1804, wakiwa wamepita Venezuela, mto Orinoco, Cuba, Andes, Meksiko na Marekani. Sitasimulia yote. Ila kituo kimoja siwezi kukiruka: ziwa Valencia la Venezuela, mwaka 1800. Wenyeji walimwonyesha jinsi maji yalivyorudi nyuma. Humboldt akaandika kwamba chanzo ni misitu iliyokatwa na maji yaliyochepushwa kwenda mashambani: miti ikiondoka, mvua inateremka kwa kishindo na kupita, na chemchemi zinakufa. Mzee wa Kibosho au Uru ambaye mfongo (mfereji wa maji) wa babu yake umekauka hatahitaji kufafanuliwa ukurasa huo.

Tarehe 23 Juni 1802 alipanda Chimborazo, mlima wa mita 6,263 nchini Ekuado, ambao wakati huo Ulaya iliuamini kuwa mrefu kuliko yote duniani. Alikuwa na Bonpland, Carlos Montúfar na wenyeji, ambao wengi wao waligeukia pale theluji inapoanza. Kichefuchefu kiliwashika, fizi zikatoka damu, macho yakawa mekundu. Ufa mkubwa uliwazuia mahali ambapo, kwa hesabu yake mwenyewe, palikuwa kama mita 5,880. Ni karibu kabisa na kimo cha Uhuru. Kila mwongozaji anayesoma hapa anajua mwili unavyokuwa pale.

Na huyu ndiye tunayesema aliipa miti ugonjwa wa binadamu! Aliporudi Paris alikaa maabara na Joseph Louis Gay-Lussac, wakapima hewa. Mwaka 1804 Gay-Lussac alikuwa amepaa kwa puto hadi kama mita 7,000 na kurudi na chupa ya hewa ya huko. Ilipopimwa, mchanganyiko wake ulikuwa uleule wa chini. Mwaka 1805 wawili hao walichapisha matokeo yao: sehemu ya oksijeni katika hewa ni karibu 21 katika 100. Kama kuna mtu wa zama zile aliyekuwa na kila sababu ya kuifikiria oksijeni, kwa migodi, kwa mwili wake mwenyewe na kwa maabara, ni Humboldt. Alipokuja kueleza mimea ya mlimani alishika joto kwanza, akaweka pembeni yake unyevu, mwanga, kanieneo na udongo.

Maelezo hayo aliyachora. Mwaka 1807 alichapisha picha ya Chimborazo iliyokatwa ubavuni, majina ya mimea yameandikwa kila moja kwenye kimo chake, na pembeni safu za vipimo: joto, unyevu, kanieneo, nyuzi ambazo maji yanachemka, hata ubluu wa anga. Mwaka 1817 akatoa ramani ya mistari inayounganisha mahali penye joto sawa. Ukiziweka kazi hizo mbili pamoja unapata wazo lake kubwa: kupanda mlima wa ikweta ni kama kusafiri kuelekea ncha ya dunia, kwa sababu mmea unafuata joto na hausomi mita. Norway na Horombo, kituo kilicho juu ya Mandara, zinakaa kwenye hoja moja. Charles Darwin alipoondoka na meli ya Beagle alibeba maandishi ya safari ya Humboldt, na alikiri wazi kwamba yalimwasha.

Haki nyingine itendeke. Francisco José de Caldas, mzaliwa wa huko huko Andes, alikuwa tayari anapima vimo kwa maji yanayochemka na kuandika mimea kwa kimo kabla hajakutana na Humboldt. Aliomba wasafiri pamoja, Humboldt akamkataa na kumchukua Montúfar. Wala huku kwetu hakuna aliyemsubiri Mjerumani. Mchagga alijua tangu zamani kwamba ulezi wa pombe ya mbege unataka shamba la chini, migomba inakaa kihambani, yaani shamba la nyumbani, na juu ya hapo ni msitu. Maarifa ya kimo ni ya wakulima wa milimani popote walipo. Humboldt alileta vipimo, akaiweka milima ya dunia yote kwenye mizani moja.

Sasa sehemu ninayotaka isomwe taratibu. Ukishamwambia mgeni "ni baridi" hujamaliza. Moshi mjini wastani wa mwaka ni kama nyuzi 23. Kila mita 1,000 unazopanda unapoteza kama nyuzi 6, hadi kileleni Kibo, penye Uhuru, wastani ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Wataalamu wa leo, Christian Körner akiwa mbele yao, wamepima udongo kwenye mipaka ya miti sehemu nyingi za dunia na kukuta wastani wa msimu wa kukua unazunguka nyuzi 6. Kinachoshangaza wanafunzi wangu ni kwamba mti wa mpakani hauna njaa. Ukiupima una sukari ya kutosha. Unakosa joto la kuigeuza sukari hiyo kuwa mbao, maana chini ya nyuzi 5 hivi seli zinagawanyika polepole mno. Na mti unaumia zaidi ya kichaka kwa sababu ya umbo lake: umesimama kwenye upepo, kwa hiyo joto lake ni la hewa, na kivuli chake kinapoza udongo wa mizizi yake yenyewe. Mmea mfupi unajibanza ardhini na kunasa jua la mchana. Ndiyo maana, kwenye kimo kilekile, nyasi zinaendelea pale mti ulipokwama.

Lakini rudi pale juu ya Mandara. Mita 2,700 na kitu! Joto hapo bado ni la msitu. Mwongozaji anayesema "baridi" amekosea kama yule wa oksijeni, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Masalia ya erika ndefu kwenye mlima huu yanafika karibu mita 4,000. Sehemu kubwa ya erika fupi na nyasi unazopita kati ya Mandara na Horombo ni mahali palipokuwa na miti ikaungua. Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Oktoba 2020 tuliuona moto kwa macho yetu tukiwa huku mjini: karibu kilomita za mraba 95 ziliungua. Erika inachipua tena baada ya moto, lakini inarudi kichaka. Ikiungua tena kabla haijawa ndefu, inabaki kichaka. Dunia inapata joto, na kwa hesabu ya Humboldt miti ingepanda. Hapa imeshuka, kwa sababu ukame na kiberiti vimeliwahi joto.

Kwa hiyo vile vibao vinavyougawa mlima katika mikanda mitano ya mimea, kila mkanda na rangi yake kama sare, vinanikera. Vinamfanya mtu aamini mlima ni ngazi. Kusini mvua inazidi kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, kisha inapungua kadiri unavyopanda. Kaskazini ni kukavu, na msitu wake una mitarakwa. Halafu kuna mianzi. Meru ina ukanda mzima wa mianzi, unaonekana ukiwa Arusha National Park, lakini Kilimanjaro, mlima jirani, hauna. Maelezo ya Hemp ni kwamba mianzi inanufaika na fujo za tembo na nyati wanaovunja msitu. Wanyama hao wako upande wa kaskazini ambako ni kukavu mno kwa mianzi, na upande wa kusini wenye mvua wamezuiwa na makorongo na watu. Mimi naona maelezo hayo yana nguvu, ingawa jaribio la kuyathibitisha ni gumu. Kibao gani cha rangi kitakueleza hilo?

Yapo pia mashaka yanayonihusu mimi na ile picha ya Chimborazo ninayoitundika darasani. Mwaka 2019 watafiti waliofuatilia shajara na mimea ya Humboldt walionyesha kwamba sehemu kubwa ya takwimu zake za ukanda wa juu zilitoka mlima mwingine, Antisana, na kwamba aliipanga upya picha hiyo zaidi ya mara moja. Watu walikuwa wameshaitumia kupima mimea ilivyopanda ndani ya miaka 200. Walipata mita 500. Baada ya masahihisho, Antisana ilitoa kati ya 215 na 266. Naendelea kuitundika. Ni mchoro wa wazo, na kama wazo haina mfano. Kama jedwali la vimo, siiamini.

Shaka la pili ni hizo nyuzi 6. Kule Ulaya kuna msimu wa kukua na msimu wa kulala. Hapa kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni baridi kali, mwaka mzima, kwa hiyo wastani unaficha jambo. Na senesio kubwa za bonde la Barranco zinasimama mita kadhaa kwenda juu, na shina lao limevaa majani makavu yanayoukinga uhai wa ndani dhidi ya baridi ya usiku. Lobelia inafunga majani yake jua likizama. Hizo zimevuka mpaka wa miti kwa mbinu zake zenyewe, na sijaona maelezo ya joto pekee yanayoniridhisha kwa nini senesio imeweza na erika haikuweza.

Waongozaji wangu, mgeni akiuliza pale juu ya Mandara, mwonyesheni kwanza mashina meusi yaliyobaki kwenye erika, ndipo mzungumzie joto. Na mkifika Horombo na saa moja ya kupumzika, chukueni kipimajoto cha udongo. Kichomekeni kina cha kiganja kwenye nyasi zilizo wazi saa nane mchana, kisha chini ya kivuli cha erika iliyofunga, kimo kilekile. Andikeni namba zote mbili, tarehe na hali ya mawingu, mniletee.