Je, wajua kwa nini wachora ramani wengine huandika amri badala ya kubofya?

Simama nyuma ya wachora ramani wawili wa nyumba, iwe Posta au Kijitonyama, uangalie mikono yao. Mmoja anapeleka kipanya juu kwenye utepe wa aikoni, anabofya, anarudi kwenye mchoro. Mwenzake hagusi utepe. Mkono wa kushoto umetulia kwenye kibodi, unagonga TR (kifupi cha TRIM, amri ya kukata mistari) na spesi, kisha kipanya kinabofya kipande cha ukuta kilichozidi, na kipande hicho kinakatika. Wote wanatumia AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta.

Jibu lililozoeleka ni kwamba anayeandika ni mtu wa kizamani. Kweli, AutoCAD ilitoka Desemba 1982, na utepe wa aikoni umekuja na toleo la 2009. Lakini hao wa zamani hawakuwa wakiandika tu. Ofisi nyingi za nje enzi hizo zilikuwa na kibao cha kielektroniki mezani, kimebandikwa karatasi yenye mamia ya visanduku vya amri, na mchoraji aligonga kisanduku anachotaka. Yaani wazee wenyewe walikuwa wakibofya! Na wapo vijana waliojifunzia kwenye utepe ambao leo wanagonga herufi mchana kutwa.

Jibu la pili ni kasi, nalo ni la kweli ila linakuzwa. Mwaka 1980 watafiti Card, Moran na Newell walitoa makadirio ya muda wa vitendo vya mtumiaji mzoefu: kulenga kitu kwa kipanya sekunde 1.1, kugonga herufi moja kama 0.28 kwa mwandishi wa kawaida. Kwenda kwenye aikoni, kubofya na kurudi ni kama sekunde 2.4. TR na spesi ni 0.84. Ukikata mistari 300 kwa siku, umeokoa chini ya dakika 8, na foleni ya chapati mchana inazila zote. Tena makadirio hayo hayakupimwa kwa wachora ramani, na yanachukulia kwamba mtu hakosei.

Kilichobaki ni macho. Mtazame fundi cherehani Kariakoo: mguu uko kwenye pedali, mikono kwenye kitambaa, macho kwenye sindano. Sasa fikiria pedali ingekuwa kitufe ukutani. Kila mshono angeinua kichwa, akibonyeze, kisha atafute upya alipoishia. Sekunde si nyingi, ila mshono ungepinda. Mchoraji aliyevuta picha karibu hadi kwenye kona ambapo kuta tatu zinakutana yuko hivyohivyo: akienda kwenye utepe, akirudi anaanza kuuliza mstari upi ulikuwa wa ndani. Mkono wa kushoto ndio pedali yake.

Pedali hiyo ina kasoro moja ya ajabu. Vifupi vya amri kama E, F, X, S, TR, EX na REC viko upande wa kushoto wa kibodi, lakini L, M, O na CO (cha COPY, kunakili) vinaulazimisha mkono uvuke, au wa kulia uache kipanya. Kwa hiyo wengine hufungua faili la acad.pgp, linalotunza vifupi hivyo, kupitia kichupo cha Manage, Edit Aliases, na chini kabisa huongeza mstari kama huu, unaofanya CC iwe COPY:

CC, *COPY

Wakishahifadhi, wanaandika REINIT, wanatia tiki kwenye PGP file, na amri mpya inafanya kazi bila kufunga programu. Kifupi kikiandikwa mara mbili, kinachofuatwa ni cha mwisho. Nakili faili la asili kwanza.

Anayebofya naye si mshamba. Amri unayoitumia mara moja kwa mwezi, kukumbuka jina lake kunachukua muda kuliko kuiona kwenye utepe, na kazi za 3D zina machaguo mengi yanayohitaji kuonekana.

Ugomvi huanza kwenye kompyuta ya pamoja. Mmoja kabadilisha C iwe COPY. Asubuhi mwenzake anagonga C achore duara la nguzo, na programu inamwambia achague vitu. Anabonyeza Esc, anagonga tena, jibu ni lilelile, anaishia kuilaumu kompyuta.