Je, wajua? Kale kabao chini ya kiti cha kanisani kalikuwa ka kazi gani

Ukiingia kanisa kubwa la zamani kule Uingereza, sogea hadi mbele karibu na altare, pale walipokuwa wanaimbia wamonaki, utakuta safu mbili za viti vya mbao zinatazamana. Inua kiti kimoja, kina bawaba, na huko chini kuna kabao kametokeza, upana kama wa kiganja, kamechongwa vizuri ajabu. Sasa ka nini? Kiti kikishushwa hakaonekani kabisa, na kikiinuliwa bado ni kadogo mno kukalia.

Jibu liko kwenye miguu. Wamonaki walikuwa na Sala za Vipindi, mara nane kwa siku, nyingine usiku wa manane, na sehemu kubwa ya zile zaburi inaimbwa wima. Kama ushawahi kubanana mkesha wa Pasaka kanisa limejaa, masomo saba yote umesimama, basi piga picha mzee wa miaka 70 anafanya hivyo kila siku juu ya sakafu ya mawe na ile baridi yao. Kukaa haruhusiwi. Kwa hiyo anainua kiti, anaegemeza makalio kwenye kale kabao, ukimtazama kwa mbele amesimama kabisa kumbe uzito umetoka magotini. Ndo maana kakaitwa misericordia, Kilatini cha huruma, na hilo jina lilikuwepo tangu karne ya 11 kwenye monasteri ya Hirsau, Ujerumani.

Mimi kinachonigusa zaidi ni ile michongo. Mtakatifu huwezi kumweka chini ya makalio ya mtu, kwa hiyo mafundi wakajichongea maisha yao ya kila siku na vitu walivyosikia tu. Kanisa la Exeter, hukohuko Uingereza, kuna ndovu wa karne ya 13, mkonga upo ila miguu ni kama ya ng'ombe, yaani aliyemwona ndovu Tsavo au Mikumi anajua palepale huyu fundi alisimuliwa. Na kanisa la Ludlow, Uingereza pia, kuna mama pima aliyekuwa anapunja wateja pombe, shetani kambeba begani anampeleka motoni, shetani mwingine anasoma orodha ya madhambi, mwingine anapuliza zumari la mfuko, na mama mwenyewe kile kikombe chake cha kupunjia bado kakishikilia mkononi.